Pete ya Ngozi

Masiga aliniletea kazi Jumapili,
siku ambayo Kibuye yote ni mitumba na makelele ya bei.
Akakunja mkono wa shati
(shati la mikono mirefu, Kisumu, Februari,
jua linalokausha omena kabla ya saa nne),
akaulaza mkono wake juu ya fuawe langu
kana kwamba mkono ndio ulioharibika.

Pete imekatika, akasema.
Nitengenezee pete tu. Kingine usiguse.

Kisu cha shubiri mbili
kimelalia kigasha cha kushoto, upande wa ndani,
ncha ikitazama kisugudi,
mpini wake wa msalaba ukigusa kiganja
kama mtoto aliyekatazwa kuachilia mkono sokoni.

Miaka mitatu kaka yangu aliendesha lori la maji
huko Mali, kaskazini, ambako, anasema,
upepo una meno
na wanaume ndio wafunikao uso.
Kisu wanakivaa kama sisi tunavyovaa saa:
wanalala nacho, wanasali nacho.
Huchomolewa lini? nikamuuliza.
Kukata kamba ya ngamia. Kukata nyama.
Nimeona mara moja kikikata kitovu.
Na mara moja
lakini hapo akaomba maji, akanywa, akanyamaza.

Aliyekifua anaitwa Aghali.
Mhunzi. Watu wake humhitaji na humwogopa,
binti zao hawampi,
na harusi bila yeye haiendi.
Nikacheka. Nikamkumbusha babu yetu kule Funyula,
majembe yake yaliyooza wake za watu wengine,
na jinsi majirani walivyomsalimu wakiwa ng'ambo ya ua,
wasije wakaukanyaga mvuke wa karai lake.
Kumbe wahunzi ni kabila moja, nikasema,
tumetawanywa tu.
Masiga hakucheka.

Nikakigonga kisu kwa ukucha.
Kikaimba, nikakijua:
sauti hiyo naiuza hapa kila siku,
panga moja shilingi mia nne.
Hiki si chuma cha jangwani, nikamwambia,
hii ni springi ya lori.

Ndiyo, akasema. Ya lori langu.

Pembeni yetu mtu alikuwa akijaribu honi ya baiskeli,
anaibonyeza, anaibonyeza.

Ya nyuma, kushoto. Bomu lilikuwa limezikwa upande huo.
Utingo wangu alikuwa ameshuka
kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.
Ilyas. Alikuwa akinifundisha kuhesabu kwa lugha yao,
tulikuwa tumefika saba.
Aghali akaja na punda, akaokota vyuma.
Wiki ya pili akanifunga hiki mkononi
bila kuniuliza.

Mama hataki kilale nyumbani kwake.
Mke wake hulala na watoto.
Haya sikuambiwa na yeye.

Ukutani mwangu ipo mivukuto ya babu,
imekauka tangu nilipounganisha feni ya umeme.
Nikaichukua kubwa, nikaikata ukanda
pale ngozi ilipolainishwa na viganja vyake.
Nikaupaka mafuta, nikauloweka, nikausokota,
nikapima kigasha cha kaka yangu kwa uzi.
Nakijua kigasha hiki.
Kilinibeba tulipovuka Sio, mto umefura,
na hakikuwa chembamba hivi.
Nikakaza tundu moja zaidi.
Mshipa wake ukapiga chini ya kidole gumba changu,
nami, sijui kwa nini, nikauhesabu.
Nilipofika saba nikaacha.

Ngapi? akauliza.
Nenda, nikasema.

Akashusha shati, akafunga kifungo.
Nikamtazama akipita katikati ya wauza nyanya.
Mkokoteni ukapasua tairi, paa!
Mkono wa kulia ukaruka kushika wa kushoto,
ukakaa hapo,
ukakaa.
Mama mmoja mwenye beseni akadhani anatazama saa,
akamuuliza: Baba, saa ngapi?
Akainua mkono, akautazama kweli,
akamjibu.